Vipande vya machungwa vinakauka, halafu vinaanza kunata tena. Shada litadumu kweli?

Kisu_Butu

Wadau, habari zenu. Naomba msaada kwa wale wenye mkono wa mashada ya matunda makavu.

Nataka kutengeneza shada la kutundika mlangoni. Duara la matawi ninalo tayari, upana wake sentimita 30 hivi, na nataka lizungukwe lote na vipande vya machungwa, malimau na mabalungi. Matunda nayakata mviringo, nayapanga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, oveni nyuzi 120 za Selsiasi, saa mbili na nusu. Yakitoka yanakuwa magumu, ukigonga kipande kwa ukucha kinalia. Siku chache baadaye vimelegea, na ukivishika vidole vinanata. Vingine katikati vimekuwa vya kahawia, ila ganda lina rangi yake kama kawaida. Vile nilivyokwisha kubandika kwa gundi ya moto vinabanduka kimoja kimoja, na gundi inabaki kwenye tawi ikiwa safi kabisa, kana kwamba haikuwahi kugusa kitu.

Kipande kikishakauka, unyevu unatoka wapi tena? Niongeze moto, niongeze muda, au nikate vyembamba zaidi? Nina kikapu kizima cha machungwa kinasubiri na sitaki kuyagusa kabla sijapata jibu.

Rangi_Tatu

Paka vanishi ya kupuliza pande zote mbili, mkono wa kwanza ukikauka unarudia. Unyevu hautaingia tena. Maua makavu nayafanyia hivyo na hayajawahi kunisumbua.

Mzee_wa_Waya

Ndugu Kisu Butu, weka hiyo vanishi kando kwanza. Kwa maua makavu Rangi Tatu yuko sahihi, maana petali ikishapoteza maji hakuna cha maana kilichobaki ndani yake. Chungwa ni habari nyingine. Karibu asilimia 87 ya chungwa ni maji, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni sukari. Ukiyatoa maji, sukari haiendi popote. Inabaki palepale kwenye nyama ya tunda, na ina kiu: inavuta unyevu wa hewani usiku na mchana. Kwa hiyo unyevu wako una asili mbili. Mwingine umetoka hewani, na mwingine haukuwahi kutoka kwenye kipande. Huo wa pili ndio unaokuharibia kazi.

Nyuzi 120 ni moto wa kuoka. Uso wa kipande unakauka haraka na kuwa mgumu, maji ya ndani yanakosa njia. Ule mlio unaousikia ukigonga ni wa sukari iliyoganda baada ya kupoa, usikudanganye. Ukikiacha kipande siku mbili tatu, maji yaliyojificha karibu na kiini cheupe, na pale ganda linapokutana na nyama, yanasambaa kipande kizima, ndipo kinaponata. Ukahawia nao unaletwa na sukari na vitamini C zinazobadilika kwa joto, na kadiri moto unavyopanda ndivyo zinavyogeuka rangi. Ganda lina sukari kidogo kuliko nyama, ndiyo maana umeliona limesalimika.

Shusha hadi nyuzi 90, isizidi 95. Saa nne hadi sita, kutegemea unene na tunda lenyewe. Oveni ikiwa na feni, iwashe. Ikiwa ni ya umeme na haina feni, pachika mpini wa mwiko mlangoni ubaki ufa mdogo wa kutolea mvuke. Ikiwa ni ya gesi, mlango usiachwe wazi: fungua kila nusu saa, geuza vipande, mvuke utoke, funga. Watu wanaamini kinachokausha ni moto. Moto unayasukuma maji yatoke ndani ya kipande, basi. Kuyachukua yaende zake ni kazi ya hewa inayotembea. Mvuke ukifungiwa mle ndani unayapika machungwa yako kwa maji yake yenyewe.

Ile karatasi itoe. Vipande vikae juu ya wavu wa chuma, trei iwe chini kupokea matone. Kwenye karatasi, upande wa chini unalala kwenye juisi, sukari inagandisha, na ukikivuta kipande unaacha nusu ya nyama pale.

Unene uwe milimita 6. Chini ya 4 kipande kinajikunja na kupasuka ukipitisha waya. Juu ya 8 kinakauka nje na kuoza ndani. Lakini hata milimita hizo hazina maana kama kipande hakiko sawa. Kisu kikiegemea upande, unapata kipande chenye milimita 3 huku na 9 kule, upande mmoja unaungua wakati mwingine bado unatoa maji. Kwa hiyo noa kisu, ndugu yangu, hilo jina lako linanitisha. Vuta mbele na nyuma bila kukandamiza. Kisu kinachokandamiza kinapasua vile vifuko vya juisi, na kipande kikikauka kinabaki na matundu. Ncha mbili za tunda usizikaushe, ni weupe mtupu na hukauka kwa shida. Mbegu zing'oe kwa ncha ya kisu mapema, kwa sababu mbegu huficha maji yake na mara nyingi ukungu huanzia hapo.

Kabla ya oveni kuna hatua wengi wanairuka. Panga vipande juu ya kitambaa cha pamba, funika kwa kingine, halafu bonyeza kwa kiganja kilichonyooka. Bonyeza, usikamue. Badilisha kitambaa na urudie mpaka cha juu kitoke na alama za unyevu tu bila kulowa. Maji unayoyatoa hapo ni maji ambayo oveni haitahangaika nayo.

Kujua kama kimekauka, acha kipoe kabisa, kisha kishike mbele ya dirisha. Kilichokauka kinapitisha mwanga sawasawa, unaona kuta zote za vyumba vyake mpaka katikati, na nyama ina rangi ya asali. Palipobaki maji pana doa la giza linalong'aa. Halafu bonyeza ukucha kwenye ule weupe wa ndani ya ganda: ukizama, rudisha. Vikifaulu hapo, vitandaze kwenye wavu chumba kikavu chenye upepo siku mbili au tatu zaidi, ukivigeuza asubuhi na jioni. Usiviweke kwenye mkebe vikiwa vya moto.

Sasa gundi. Gundi ya moto inataka uso mkavu wa kujishikilia, na sukari iliyovuta maji inaikataa, ndiyo maana umeikuta safi kwenye tawi. Mimi gundi naiachia karafuu na vikorokoro vidogo. Vipande navifunga kwa waya. Tumia waya mwembamba wa wapangaji maua, milimita 0.6 inatosha, uwe wa shaba au uliopakwa zinki. Chuma kitupu kikikutana na tindikali ya limau kinashika kutu, na kutu inachora mstari mwekundu usiofutika. Toboa matundu mawili karibu na ganda, moja kila upande wa ukuta unaotenganisha vyumba, ili waya uulalie ukuta huo. Nyama peke yake haibebi uzito, itachanika. Toboa kipande kikiwa bado na uvuguvugu, kikipoa kinapasuka. Pitisha waya kama unavyoshona kifungo, sokota kwa nyuma mara tatu kwa koleo, kisha funga kwenye tawi na ncha uikunje ndani isije ikamchoma mtu.

Duara lako la sentimita 30 lina mzingo wa karibu sentimita 94. Kipande cha chungwa la wastani kikikauka kinabaki na upana wa sentimita 6 au 7. Kila kimoja kikifunika nusu ya mwenzake, unahitaji vipande 27 hadi 31 kwa mstari wa nje, na wa ndani vichache kidogo. Chungwa moja linatoa vipande 6 au 7 vya kueleweka. Kausha matunda 9 au 10 ili ubaki na vya kuchagua, kwa sababu vitakavyokupendeza si vyote.

Kisu_Butu

Mzee, hapo kwenye jina umenimaliza. Asante sana. Vile vilivyokwisha kulegea nivitupe au vinaokoleka? Na upande wa rangi, malimau yangu yanatoka kama karatasi ya zamani. Kuna tunda linalobaki na rangi yake?

Upepo_Mwanana

Wakati mnajibizana, niseme la sisi tusio na oveni. Mimi nakausha kwa hewa tu na vinatoka vizuri, hasa msimu ambao hewa ni kavu. Napitisha uzi kwenye vipande karibu na ganda, naviachanisha visigusane, na kuvining'iniza kivulini penye upepo, nikivizungushia chandarua kwa ajili ya nzi. Jua kali la moja kwa moja silipendi kwa kazi hii, linafifisha rangi kabla kipande hakijakauka. Jioni lazima viingie ndani. Umande wa usiku mmoja unarudisha kila kitu ulichokipata mchana.

Hewa ikiwa nzito na yenye unyevu, njia hii usiithubutu. Ukungu utafika kabla ya ukavu.

Mzee_wa_Waya

Upepo Mwanana kasema kweli tupu, na hapo kwenye umande ndipo wengi wanapokwama bila kujua sababu.

Kisu Butu, vilivyolegea vikague kimoja kimoja. Kisicho na doa la manyoya wala harufu ya uchachu kirudishe kwenye wavu, nyuzi 90, nusu saa hadi saa moja, kisha kipimwe tena dirishani. Chenye ukungu kitupe chote. Usikate sehemu iliyooza ukabakiza nyingine, ukungu unaouona juu umekwisha kutembea ndani. Hata shada lililokwisha kamilika, likianza kunata, linaweza kurudi kwenye moto huohuo mdogo, mradi limefungwa kwa waya. Lenye gundi ya moto usilijaribishe, gundi italainika na vipande vitahama.

Rangi. Ndimu ya kijani usiitegemee, ganda lake linageuka kuwa la rangi ya majani makavu. Limau linaweza kubaki la njano ukishika nyuzi 90 na kulitoa mapema; halina sukari nyingi kama chungwa, hivyo linawahi kukauka. Usiliweke trei moja na machungwa, ama uwe tayari kulitoa kabla yao. Balungi la ndani jekundu ndilo ninalolipenda: linabaki na waridi iliyokolea na ganda pana linalotoa fremu nzuri. Lakini ni kubwa na lina maji mengi, lipe muda wake peke yake. Machungwa yale yenye nyama nyekundu kama damu hukolea mno, ukiyakaushia moto wa juu yanakuwa karibu meusi. Pembeni ya balungi weusi huo unapendeza, lakini duara zima la rangi hiyo linakuwa zito machoni. Chenza linakubali, ila ganda lake halikushikana sana na nyama, hivyo vipande vingine vitavua ganda vyenyewe vikikauka. Vipande hivyo vitie katikati ya vingine ambapo havionekani.

Kingine kuhusu rangi: hata kipande kilichokauka sawasawa kitapauka kikikaa kwenye jua la mchana. Mlango unaoangalia jua siku nzima si mahali pake. Ukutani ndani ya nyumba, mbali na jiko na bafu, litadumu zaidi.

Rangi_Tatu

Kwa hiyo vanishi yangu haina kazi kabisa?

Mzee_wa_Waya

Inayo, ila ni kazi ya mwisho. Ukipuliza vanishi kwenye kipande chenye maji katikati, umeyafungia mle ndani na ukungu umeujengea nyumba. Kipande kikishapita mtihani wa dirisha, puliza vanishi ya akriliki isiyong'aa, tabaka jembamba, ukiwa nje penye hewa. Ikikauka geuza upande wa pili. Ile inayong'aa inafanya chungwa lionekane la plastiki, ingawa hilo ni jicho langu tu. Ujue pia kwamba vanishi inapunguza kasi ya unyevu, haiuzuii kabisa. Na shada lililopuliziwa, siku ukilichoka, lisiende kwenye mboji wala kwa ndege.

Mimi mwenyewe nyumbani sipulizi. Napenda kipande kinavyokaa bila kitu juu yake, na kikianza kulegea nakirudisha kwenye oveni.

Paka_Wawili

Samahani kuingilia. Nina paka ndani ya nyumba na nimesikia machungwa si mazuri kwao. Shada kavu nalo lina shida? Pia nilikuwa nafikiria kuliweka mezani, katikati niweke mshumaa.

Mzee_wa_Waya

Mafuta yaliyomo kwenye maganda ya jamii hii ya matunda ni sumu kwa paka. Kukauka kunapunguza sehemu ya mafuta hayo, hakuyamalizi. Paka wengi harufu yenyewe inawafukuza, lakini yupo yule anayetafuna kila kinachoning'inia, na hapo kuna waya na karafuu juu ya hilo ganda. Litundike mahali asipoweza kurukia.

Mshumaa hapana. Chukua ganda moja kavu ulishikie kiberiti juu ya sinki uone linavyoshika. Yale mafuta ya ganda yanawaka, na matawi ya duara ni kuni kavu zilizopangwa tayari. Ukitaka mwanga katikati, tumia taa ndogo za betri, zile zisizopata joto.

Kisu_Butu

Swali la mwisho, nisiwachoshe. Viungo vya kuongezea nitumie vipi bila shada kuwa na vurugu? Na msimu ukiisha linahifadhiwaje?

Mzee_wa_Waya

Vijiti vya mdalasini vifunge viwili viwili kwa kamba ya katani, mafungu matatu yanatosha duara zima, na yasiachane kwa umbali ulio sawa. Mawili yakaribiane, la tatu liwe mbali. Karafuu zibandike kwenye kile kiini cheupe cha kipande, si kwenye nyama, na si kwenye kila kipande. Acha pia sehemu ya tawi ionekane. Duara lililojaa pande zote halipumui, na nyuma ya vipande ndipo unyevu unapokaa. Ndiyo maana vipande vyangu navifunga vikiwa vimesimama mshazari kidogo, hewa ipite nyuma yake. Kamba ya kutundikia ifunge kwenye tawi lenyewe, kamwe usiifunge kwenye waya unaoshika vipande.

Kuhifadhi: subiri siku kavu, lipige vumbi kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika. Kagua nyuma kama kuna utando mwembamba wa hariri au unga unga mdogo unaodondoka. Ukiuona, kuna viwavi wa nondo au vijidudu vya nafaka ndani. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, liweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne, kisha liache lirudi kwenye joto la kawaida likiwa bado limefungwa mfukoni, la sivyo hewa ya nje itageuka matone juu ya vipande na utaanza upya. Baada ya hapo liingie kwenye boksi lenye mfuniko, likilala chali, karatasi laini katikati na pembeni, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Usilirundikie kitu juu. Sisimizi nao watakuja kama boksi liko sakafuni, hivyo lipandishe kabatini, rafu ya juu.